Mbona Tunajua na Bado Hatuendi? Sista Anajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Busia, na ukizisoma zote kwa pamoja unaona ni swali moja tu linazunguka: mtu anajua kabisa cha kufanya kuhusu afya yake na bado hafanyi. Wengi mnaandika ni kama mnaomba niwakemee hao watu. Sitawakemea. Kliniki nimeona walimu, mafundi, wafanyabiashara wanaohesabu pesa haraka kuliko kalkuleta, watu wenye akili timamu kabisa, wakija wakati ugonjwa umeshafika mbali, na si eti hawakuambiwa. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Sista, habari. Mzee wangu ana miaka 46, ni dereva wa matatu ya kuenda Njoro. Kichwa kinamuuma karibu kila jioni. Babake alikufa na stroki. Nimemwambia aende apimwe presha mpaka nimechoka, namtumia video kwa WhatsApp za watu wamepooza, naona tiki za bluu lakini hajibu kitu. Juzi tukabishana mbele ya watoto akasema "nikijua nina presha ndo nitakufa haraka, babangu aliingia hospitali akitembea akatoka kwa jeneza." Nifanye nini na huyu mtu? — Mama wa watatu, Kaptembwa, Nakuru

Mama watoto, pole kwa huo mzigo. Kabla ya mengine yote, siku kichwa kitauma vibaya kuliko kawaida, ama mdomo uende upande, mkono ukose nguvu, maneno yaanze kukwama ama kifua kimbane, hiyo si siku ya kubembelezana, unampeleka emajensi saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Sasa tukae kwa hayo maneno yake kuhusu babake, juu wewe umeyaandika kama kisingizio na mimi naona ndo kiini cha barua yako yote. Aliona nini huyo mtu? Aliona baba anatembea, anaongea, anaenda hospitali, anaambiwa ana presha, halafu siku chache baadaye ni matanga. Binadamu akiona mambo mawili yamefuatana hivyo anayafunga pamoja, na akishayafunga si rahisi kuyafungua. Ile miaka yote presha ilikuwa inaharibu mishipa ya mzee kimyakimya hakuna mtu aliiona, hata mzee mwenyewe. Kwa hivyo kwake yeye kipimo ndo kiliua, na kila ukimwambia "enda upimwe" anasikia "enda ukafe kama babako". Huo si ujinga wala si kiburi. Na kwa vile watu wetu wengi wanafika hospitali wamechelewa, kila mtaa uko na hadithi ya mtu aliingia akitembea, na kila matanga inaongeza nyingine, alafu hizo hadithi ndo zinafanya wengine nao wachelewe.

Kule Marekani miaka ya 1950 kulikuwa na magari ya eksirei yanakuja mpaka karibu na watu wapimwe TB, na bado wengi hawakuenda. Mtafiti mmoja anaitwa Hochbaum alienda kuhoji watu wa Boston, Cleveland na Detroit, na swali lake halikuwa kama wanaijua TB. Aliuliza kama mtu anaamini inaweza kumpata yeye mwenyewe, na kama anaamini kuijua mapema, kabla hujasikia chochote mwilini, kunasaidia. Walioamini yote mawili, 82 kati ya 100 walikuwa wamepigwa eksirei kwa hiari yao. Ambao hawakuamini hata moja ni 21 tu kwa 100. Sasa mwangalie mzee wako. Imani ya kwanza anayo, pengine anayo kupita kiasi, anajua vizuri sana alizaliwa na nani. Ya pili ndo hana kabisa. Haamini kwamba kujua mapema kunabadilisha chochote, na hizo video zako zote zinamwongezea ile ya kwanza tu, hakuna hata moja inampa ya pili.

Ndo maana nakuomba uache kuzituma. Uoga unaweza kumsukuma mtu, lakini kama haoni njia ya kutokea anakimbia ile kitu inamtisha, na kwenu ile inatisha imekuwa ni simu yako. Mwaka 1965 chuo kikuu cha Yale walijaribu hii kitu na wanafunzi, wakawapa vijitabu kuhusu pepopunda, wengine vya kutisha sana na picha mbaya, wengine vya upole. Waliotishwa walisema kweli chanjo ni muhimu na watachanja. Lakini kuenda hawakuenda, karibu 3 tu kwa 100. Kundi lingine lilipewa vijitabu hivyo hivyo pamoja na ramani ya chuo, kliniki imezungushiwa duara, wakaambiwa waangalie ratiba yao wachague saa watapita hapo. Hao walioenda wakafika karibu 28 kwa 100. Na wote walikuwa wanafunzi wa hapo hapo, kliniki walikuwa wanaijua hata bila ramani! Kilichoongezwa ni siku, saa na njia ya kupitia.

Kwa hivyo fanya hivi. Tafuta dereva mwenzake, lazima yuko hapo steji, mwenye presha ya miaka na anameza dawa na bado anapiga trip zake kila siku, awe ndo anamwongelesha, si wewe. Mtu kama huyo akimwambia "mimi niligundua 2015 na niko hapa" anampa ile imani ya pili ambayo mimi na wewe hatuwezi kumpa. Alafu toa neno hospitali kwa haya maongezi, juu hospitali kwake ni jeneza. Presha inapimwa kwa kemisti nyingi hapo Kaptembwa, na wale wahudumu wa afya ya jamii tangu 2023 walianza kupewa mikoba yenye mashini ya presha na ya sukari, uliza wa mtaa wenu apite kwenu Jumapili jioni mkiwa mmekaa tu. Upimwe wewe kwanza, alafu kijana wenu mkubwa kama yuko, alafu yeye. Usiseme "leo tunakupima". Sema tunapimwa sisi wote. Na wewe pia unahitaji, juu utafiti wa serikali wa 2015 ulionyesha zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, kwa hivyo tusiwe tunasema wanaume tu.

Ikisoma 140 kwa 90 ama zaidi msishtuke hapo hapo, mtu mwoga presha yake hupanda kwa sababu tu ya ile mashini, apumzike dakika tano arudie, na arudie siku nyingine. Ikibaki juu ndo sasa muende kliniki na hizo namba mkononi. Na hata ikiwa chini usiache hiyo story ya kichwa, kichwa cha kila jioni kina sababu zingine pia, macho, maji kidogo, usingizi, na daktari ndo wa kuangalia. Na tafadhali, isiwe tena mbele ya watoto. Mwanaume akishasema "siendi" watoto wakisikia, kuenda baadaye kunakuwa ni kushindwa, na wengi wataona heri maumivu kuliko kushindwa.

Mimi ni kijana wa boda Nyalenda, miaka 24. Kuna mambo nilifanya bila kinga kama miezi miwili imepita, tangu hapo silali. Kliniki ya karibu, ile room ya kupimwa ukimwi iko mwisho wa koridoo, kila mtu amekaa kwa benchi anakuona ukiingia, na nusu yao ni abiria wangu. Nimefika getini mara kadhaa nikageuza pikipiki. — K., Kisumu

Kijana wangu, asante kwa kuandika wazi hivyo. Wewe si mwoga wa ukimwi peke yake, wewe unaogopa benchi, na hiyo ni sababu ya kweli kabisa. Watu wa afya tumekuwa tukihubiri sana kuhusu virusi na tumesahau kuangalia milango yetu inaelekea wapi. Mtu anapima hasara mbili: ugonjwa ambao pengine hana na utamuua pole pole, na macho ya watu ambayo yako hapo leo asubuhi. Ya leo inashinda, kwa kila mtu.

Basi tuondoe benchi. Kipimo cha kujipima mwenyewe kimekuwa kikiuzwa kwa kemisti za Kenya tangu 2017, kile cha kupangusa ufizi, unafanya nyumbani mlango umefungwa na baada ya kama dakika ishirini umejua, fuata tu maagizo ya kwa paketi. Kama kemisti ya mtaa inakujua, si wewe uko na pikipiki, enda ya upande ule mwingine wa mji. Na hapo hapo Kisumu kuna kitu kilifanywa, matokeo yakachapishwa 2016: kina mama waliokuja kliniki za wajawazito na za waliotoka kujifungua walipewa vipimo hivi wapelekee waume zao nyumbani, na kundi lingine likapewa barua ya kumwalika mume aje kliniki. Kwa barua, karibu nusu ya wanaume walipimwa. Kwa kipimo cha kupelekewa nyumbani walikuwa 9 kati ya 10. Mji ni ule ule, watu ni wale wale. Tulikuwa tunawaita wagumu na shida ilikuwa ni safari ya kuingia huo mlango.

Miezi miwili imepita kwa hivyo kipimo kitakwambia mengi, lakini rudia miezi mitatu ikiisha ndo uwe na uhakika. Kikionyesha unavyo, hiyo bado si jibu la mwisho, lazima kithibitishwe kwa kituo, na hapo ndo nakuomba uende, hata kama ni kituo cha mbali ambako hakuna abiria wako. Anayeanza dawa mapema na kuzimeza vizuri anaishi maisha marefu, na virusi vikishuka mpaka visionekane kwa kipimo hamwambukizi mpenzi wake kwa ngono. Kikionyesha huna, uliza kuhusu PrEP hapo hapo, zile dawa mtu ambaye hana virusi anameza kujikinga kabla. Na ikitokea tena siku nyingine kinga imepasuka ama haikuwepo, kuna dawa za PEP, zinaanza ndani ya saa 72 na unameza siku 28, kadiri unavyowahi ndo bora, kwa hivyo usingoje kuniandikia.

Hizo wiki zote hujalala, wewe umeshaanza kuishi na jibu baya bila hata kuwa na uhakika ni lako. Nunua kipimo leo ukimaliza kazi.

Sista, nina miaka 58, niko Lurambi. Nilipewa dawa za presha na za sukari. Nikimeza wiki mbili tatu nasikia vizuri kabisa, na kanisani tumeombea hiyo kitu, basi naacha. Alafu baada ya muda narudi kule kule, daktari ananikaripia. Mtoto wangu naye anapiga simu kila siku "mama umemeza?" mpaka sitaki kushika simu. — Mama Kakamega

Mama yangu, shikamoo. Ombea, na umeze. Sioni vita hapo, na nikiwa karibu nitaomba na wewe. Shida iko kwa lile neno "nasikia vizuri". Tumelelewa na malaria, mgonjwa anatetemeka, anameza dawa siku tatu, jasho linatoka, amepona, dawa inawekwa kando. Huo ndo mfano wetu wa ugonjwa na ni mfano mzuri kwa malaria. Presha na sukari hazifuati njia hiyo, unaweza kusikia vizuri namba zikiwa juu sana, na kusikia vizuri kwako mara nyingi ni hiyo hiyo dawa inafanya kazi. Kwa hivyo usiamue kwa vile unasikia, amua kwa namba. Mwambie daktari akuandikie namba zako kwa kitabu kila ukienda uzione zikishuka na kupanda, wagonjwa wengi wakishaziona zao wenyewe hawahitaji kukaripiwa na mtu. Na kama kuna dawa inakusumbua tumbo ama inakuamsha usiku kukojoa, sema, watu wengi wanaacha kwa sababu hiyo na wanaona haya kusema, na dawa inaweza kubadilishwa ama saa yake ibadilishwe.

Kumeza usikuweke kichwani, kuweke kwa kitu unafanya kila siku bila kufikiria. Kama chai ya asubuhi hujawahi kukosa basi dawa zikae na mkebe wa majani chai.

Kuhusu mtoto, msomee hapa. Kwa hospitali ya Chulaimbo, hapo upande wa Maseno, walijaribu kuwatumia wagonjwa wa ARV meseji za kuwakumbusha dawa, matokeo yakatoka 2011. Wa kila wiki walifanya vizuri kuliko wasiotumiwa, 53 kwa 100 walimeza karibu dawa zote, dhidi ya 40. Wa kila siku? Hawakuwa na tofauti ya maana na wasiopata meseji kabisa. Ukumbusho wa kila siku mtu anauzoea, ama unamchosha kama unavyochoka wewe. Na kuna ingine nzuri zaidi, ilichapishwa 2010, ya kliniki za Nairobi na Kajiado: kila wiki mgonjwa anapata neno moja tu, "Mambo?", na yeye anajibu "Sawa" ama "Shida", akijibu shida nesi anapiga simu. Meseji haikutaja dawa hata kidogo! Na hao walimeza dawa vizuri zaidi na virusi vikashuka kwa wengi zaidi. Nadhani ni kwa sababu mtu alisikia kuna mwenzake anauliza hali, hakuna anayemkagua. Mwambie mwanao apige Jumapili akuulize uko aje, akae kwa simu akusikize.

Jirani yangu hapa Kibuye alikufa na kansa ya koo. Tangu tumzike kila nikimeza ugali nasikia kitu. Usiku naangalia koo na tochi ya simu, nasoma kwa intaneti mpaka saa nane. Niko na miaka 33. — Mama mboga, Kisumu

Dada, ulimuuguza jirani, ukamwona akishindwa na uji, ni lazima hiyo picha ikae na wewe. Kitu tumeona kwa macho yetu juzi kinakuja kichwani haraka, na kikija haraka tunaona kiko karibu sana, hata kama kwa mtu wa umri wako si kawaida. Uoga pia unakaza koo lenyewe, unasikia donge na donge halipo. Dalili ya kuangalia ni hii: chakula kigumu kama ugali kinakwama kweli kweli, kinazidi wiki baada ya wiki mpaka unahamia vitu laini, na uzito unashuka. Ikiwa hivyo ama ikikaa zaidi ya wiki mbili, enda uangaliwe, mara moja, kwa mtu mmoja, umwambie na habari ya jirani. Tochi ya simu haifiki huko. Na kama unataka kitu cha kufanya leo cha maana, acha chai ipoe kidogo, mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya digrii 65, pengine vinachangia kansa ya hilo koo la chakula. Intaneti ya usiku ifunge.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii kule Butula, Busia. Nimefundisha kina mama kuhusu kutibu maji, neti, kliniki, wanajibu maswali yote vizuri kuliko mimi. Nikirudi baada ya mwezi, maji hayajatibiwa, pesa za kliniki hazipo. Nimeanza kuona kazi yangu ni bure. — Mhudumu

Mwenzangu, kazi yako si bure, na uko mahali penye ushahidi mwingi kuhusu hili swali kuliko karibu popote Afrika. Hapo Busia, watafiti wakiwemo Michael Kremer, aliyekuja kushinda Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo, waliona watu wanaijua dawa ya maji ya chupa na wachache sana ndo wananunua. Wakaweka tangi la klorini pale pale chemchemini, bure, unageuza kifundo unapata kipimo kimoja unatia kwa mtungi na maji yanatikisika ukienda nyumbani. Waliotumia wakazidi nusu ya watu. Mafundisho hayakuongezwa sana, kilichoongezwa ni kwamba mtu anakumbushwa wakati ule ule anachota, hahitaji kukumbuka akiwa jikoni na watoto watatu wanalia, na wenzake wako hapo foleni wanaona ametia ama hajatia.

Neti ni hivyo hivyo. Utafiti wa kliniki za wajawazito huko kwetu magharibi, wa watafiti Cohen na Dupas, 2010: neti ya bure karibu kila mtu alichukua, ikiwa shilingi 40 tu idadi ikaanguka kwa asilimia 60, na waliolipa hawakuitumia zaidi ya waliopewa bure. Kwa hivyo mtu akikwambia "wakilipa ndo watathamini", mwonyeshe hiyo.

Na pesa za kliniki, hii nataka uijaribu mwezi huu huu. Wanachama wa vyama hapo magharibi walipewa sanduku dogo la chuma na kufuli na funguo, waweke pesa za afya, basi. Matumizi yao kwa vitu vya kujikinga, kama neti, yaliongezeka kwa asilimia 66. Fikiria kwa nini. Mama akiwa na mia mbili kwa leso, shemeji akija kuomba atasemaje? Hawezi kusema hana. Lakini akisema "hiyo ni ya hospitali ya watoto, iko kwa sanduku" anaheshimika, na hata yeye mwenyewe akitamani kuitumia anasita. Vyama vingine viliweka mfuko wa afya ndani ya mchango wao, na hiyo ikasaidia hata zaidi.

Wewe chama kiko, najua kiko, Butula yote ni vyama. Mkutano ujao usifundishe kitu. Uliza tu ni kitu gani kinakwamisha kila mmoja, nyamaza, andika, usimsahihishe mtu. Utapata kwamba mmoja maji anachotewa na mtoto wa miaka minane ambaye hajui kutibu, mwingine kliniki inafunguliwa siku ya soko, mwingine mama mkwe anasema klorini inaharibu ladha ya chai. Hizo ni kazi tatu tofauti: huyo mtoto unamfundisha wewe mwenyewe pale chemchemini, siku ya kliniki unaenda kuongea na chifu na nesi, na mama mkwe unamtembelea jioni, unakaa naye, unakunywa hiyo chai pamoja naye.